Vifungu Vinane: Mahakama Kuu ya Kenya na Sheria ya Usalama ya 2014

Tarehe 23 Februari 2015, jopo la majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi lilifuta vifungu vinane vya sheria ambayo Serikali ya Kenya ilikuwa imewaeleza wananchi kwamba bila hiyo ugaidi usingedhibitika. Majaji hao walikuwa Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi, Hedwig Ong'udi, Hillary Chemitei na Joseph Onguto. Kwa kuwa mlalamishi wa kwanza alikuwa mrengo wa upinzani wa CORD, wengi waliipokea hukumu hiyo kama bao lililofungwa na upande mmoja wa siasa dhidi ya mwingine. Kuisoma hivyo ni kuipunja. Thamani yake imo katika maswali ambayo majaji waliiuliza Serikali, na katika mpangilio wa maswali hayo, kwani mpangilio huo unaweza kutumiwa na mahakama yoyote inayoombwa kuchagua kati ya haki za raia na usalama wa taifa. Nitaonyesha pia kwamba kuna mahali ambapo majaji wenyewe waliacha kuuliza.

Hofu iliyoizaa sheria hii haikuwa ya kubuni, na mchambuzi anayeipita haraka hatendi haki kwa waliouawa. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi wa Al-Shabaab walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, na watu 67 wakapoteza maisha. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani katika Kaunti ya Lamu. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa, abiria wakatengwa kwa misingi ya dini, na 28 kati yao wakapigwa risasi. Siku kumi baadaye, vibarua 36 wa machimbo ya mawe waliuawa usiku karibu na mji huohuo wa Mandera. Tarehe 2 Desemba Inspekta Jenerali wa Polisi, David Kimaiyo, aliacha kazi, na Rais Uhuru Kenyatta akamteua Joseph Nkaissery kuchukua nafasi ya Joseph Ole Lenku katika Wizara ya Usalama wa Ndani. Taifa lilikuwa linadai hatua zichukuliwe, na hatua zikaja kwa kasi.

Muswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama ulifikishwa Bungeni mwezi huohuo wa Desemba, ukiwa umebeba mabadiliko ya sheria zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja: Kanuni ya Adhabu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sheria ya Ushahidi, Sheria ya Wakimbizi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi, Sheria ya Shirika la Ujasusi na nyinginezo. Kikao maalumu cha Bunge la Taifa cha tarehe 18 Desemba kiligeuka vurugu. Wabunge walirushiana makonde, karatasi zikachanwa, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Hata hivyo muswada ulipitishwa, Rais akautia saini kesho yake, na tarehe 22 Desemba ukaanza kutumika ukiwa Sheria Namba 19 ya 2014. CORD na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya walikimbilia mahakamani. Tarehe 2 Januari 2015 Jaji George Odunga alisimamisha kwa muda vifungu kadhaa, na tarehe 23 ya mwezi huo Mahakama ya Rufani ikakataa ombi la Serikali la kuiondoa amri hiyo.

Hoja ya kwanza ya walalamishi ilihusu utaratibu: kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha kutoa maoni, na kwamba sheria iliyopitishwa katikati ya fujo haiwezi kuwa sheria. Majaji hawakukubali. Kwa maoni yangu waliwahurumia wabunge mno, kwa sababu siku chache za kukusanya maoni kuhusu mabadiliko ya sheria zaidi ya 20 ni kidogo hata kwa anayefanya kazi usiku na mchana. Lakini uzito wa kesi haukuwa hapo.

Uzito ulikuwa katika Ibara ya 24 ya Katiba ya 2010. Watu wengi wanapozungumzia suala hili hutumia mfano wa mizani: uhuru upande mmoja, usalama upande wa pili, na kazi ya jaji ni kutazama upande upi umeshuka. Mfano huo una kasoro kubwa. Ukiweka miili ya watu 28 wa basi la Mandera katika kitanga kimoja, hakuna haki ya mshtakiwa wala ya mwandishi wa habari itakayoonekana kuwa nzito katika kitanga cha pili, na kila kesi itakuwa imekwisha kabla haijaanza. Ibara ya 24 haisemi hivyo. Inataka haki iwekewe mipaka kwa sheria tu, na kwa kiwango kinachokubalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Inataka kujua aina ya haki inayoguswa, umuhimu wa lengo, ukubwa wa kizuizi, uhusiano kati ya kizuizi na lengo lenyewe, na kama hakuna njia nyingine isiyoumiza sana ya kufikia lengo hilo. Inataka pia sheria yenyewe itaje waziwazi haki inayokusudia kuipunguza na kiasi cha kuipunguza. Na katika aya yake ya tatu inaweka mzigo wa kuthibitisha haya yote juu ya Serikali, si juu ya raia.

Mzigo huo ndio kiini cha hukumu. Majaji walikubali bila kusitasita kwamba ugaidi ni tishio na kwamba kuuzuia ni lengo halali. Wakichota pia katika kipimo cha uwiano kilichowekwa na Mahakama ya Juu ya Kanada mwaka 1986 katika kesi ya Oakes, walishika kila kifungu peke yake na kuuliza kinagusa vipi hatari inayotajwa. Ibara ya 238 iliwasaidia, kwani inaagiza usalama wa taifa utafutwe kwa kuheshimu utawala wa sheria, demokrasia, haki za binadamu na uhuru wa msingi. Kwa lugha ya Katiba, basi, haki hizo ni sehemu ya kazi ya askari, na askari hawezi kuzitaja kama kikwazo cha kazi hiyo.

Kifungu cha 12 kinaonyesha vizuri mbinu hii ilivyofanya kazi. Kiliongeza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kuchapisha au kutangaza habari za matusi, za vitisho au za uchochezi, au picha za watu waliokufa au kujeruhiwa, ambazo huenda zikaleta hofu na taharuki kwa umma au kuvuruga amani. Kosa jingine katika kifungu hichohicho lilikuwa kutangaza habari zinazodhoofisha uchunguzi au operesheni za polisi au za jeshi. Adhabu ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mtu yeyote aliyeona picha za Westgate zikisambazwa mitandaoni anaelewa kilichowasukuma waandishi wa kifungu hiki. Familia kujua kifo cha mpendwa wao kupitia simu ya jirani ni jambo la kuumiza. Lakini soma maneno yenyewe. Nani anaamua kwamba habari fulani ni matusi? Hofu ya umma inapimwa kwa kipimo gani, na ni lini habari ya shambulio la kigaidi iliwahi kukosa kuleta hofu? Mhariri anayepokea taarifa kwamba kikosi fulani kilichelewa kufika mahali pa tukio anajuaje, kabla ya kuchapisha, kama taarifa hiyo itasemwa kuwa imedhoofisha operesheni? Atakayemjibu ni polisi, ambao ndio wanaokosolewa. Majaji waliona kwamba maneno hayo ni mapana na hayana mipaka, kiasi kwamba raia hawezi kujua wapi pa kusimama, na kwamba Ibara ya 33 tayari imetoa nje ya ulinzi wake propaganda za vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Serikali haikuweza kuonyesha ni tukio gani la kigaidi lililosababishwa au kurahisishwa na picha gazetini. Kwa sababu hizo kifungu kikafutwa, na katazo la matamshi lililoingizwa na kifungu cha 64 katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi likafuata njia hiyohiyo, kwa kukiuka uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari.

Naona watetezi wengi wa hukumu hii huishia kwenye neno uhuru, wakasahau neno hofu. Katazo lisiloeleweka halimtishi mchochezi, kwa kuwa yeye hajali sheria tangu mwanzo. Linamtisha mtu mwangalifu, yule anayesoma sheria kabla ya kuandika, na kwa hiyo linaondoa katika mjadala wa umma sauti za watu ambao taifa linawahitaji zaidi wakati wa hatari.

Kundi la pili la vifungu liligusa washtakiwa. Kifungu cha 16 kiliruhusu upande wa mashtaka kuficha baadhi ya ushahidi hadi muda mfupi kabla ya kesi kusikilizwa, iwapo kuutoa mapema kungeweza kurahisisha uhalifu mwingine, au hakungekuwa kwa manufaa ya umma, au kungevuruga haki. Kifungu cha 20 kiliwezesha amri ya dhamana isimamishwe ili upande wa mashtaka uipinge, hata baada ya hakimu kuridhika kwamba mshtakiwa anastahili kuachiliwa. Kulikuwa pia na mabadiliko katika Sheria ya Ushahidi yaliyogusa haki ya mshtakiwa ya kunyamaza.

Hapa maswali ya Ibara ya 24 yana mwisho wake, kwa kuwa Ibara ya 25 inataja mambo manne ambayo hayawezi kuwekewa mipaka kabisa: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kesi ya haki, na amri ya mtu kufikishwa mbele ya mahakama. Kujulishwa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka ni sehemu ya kesi ya haki chini ya Ibara ya 50, vivyo hivyo haki ya kunyamaza. Mjadala wa uwiano hauna nafasi mahali ambapo Katiba yenyewe imefunga mlango, na majaji walifuta vifungu hivyo. Kuhusu dhamana, ambayo haimo katika orodha ya Ibara ya 25, walisema kwamba utaratibu mpya ulipingana na Ibara ya 49, inayotaka mtu aachiliwe kwa masharti ya kadiri isipokuwa kuwe na sababu nzito. Uamuzi wa hakimu kuhusu sababu hizo hauwezi kuahirishwa kwa sababu tu upande ulioshindwa umekasirika.

Mtu anaweza kuuliza: je, shahidi anayetishiwa na wenzake gaidi? Swali hilo ni la haki, na mimi sidhani kwamba linajibiwa kwa kutaja Ibara ya 25 peke yake. Jibu liko katika njia nyingine ambazo tayari zipo, kama vile ulinzi wa mashahidi kisheria, kuficha utambulisho wa shahidi kwa amri ya mahakama, na kusikiliza sehemu ya ushahidi faraghani. Njia hizo zinamlinda shahidi bila kumfanya mshtakiwa aingie kizimbani akiwa gizani.

Kifungu cha 48 ndicho kilichoonyesha wazi kuliko vyote pengo kati ya lengo na njia. Kiliweka ukomo wa wakimbizi na waomba hifadhi 150,000 katika nchi nzima, idadi ambayo Bunge la Taifa lingeweza kuibadilisha kwa muda mfupi tu. Kenya wakati huo ilikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni, wengi wao Wasomali waliokuwa katika kambi za Dadaab. Hesabu ni nyepesi: zaidi ya watu 350,000 wangelazimika kuondoka, na kwa wengi wao njia pekee iliyokuwapo ilikuwa kurudi kulekule walikokimbia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari ya maisha au uhuru wake, na Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unasema hivyo pia. Kwa kuwa Ibara ya 2 ya Katiba inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, majaji walitamka kwamba kifungu hicho kinavunja kanuni hiyo.

Ningependa kuongeza jambo ambalo lilikuwa limeshasemwa na Jaji David Majanja mwezi Julai 2013, alipofuta agizo la kuwahamisha wakimbizi wa mijini kuwapeleka kambini: haitoshi kusema neno usalama, ni lazima uonyeshwe uhusiano kati ya watu wanaohamishwa na hatari inayodaiwa. Idadi si uhusiano. Gaidi mmoja anaweza kuwa miongoni mwa 150,000 waliobaki, na mama mwenye watoto watano anaweza kuwa miongoni mwa walioondolewa, na hakuna neno katika kifungu cha 48 lililosaidia kuwatofautisha. Serikali iliporudi na mpango wa kuifunga Dadaab, uliotangazwa Mei 2016, Jaji John Mativo aliufuta tarehe 9 Februari 2017 kwa kukiuka Katiba na wajibu wa kimataifa wa nchi. Hoja haikuwa imebadilika.

Siku 38 baada ya hukumu ya majaji watano, yaani tarehe 2 Aprili 2015, magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Ni rahisi kudai kwamba mahakama ilikuwa imefunga mikono ya vyombo vya usalama, na dai hilo lazima lichukuliwe kwa uzito kwa sababu ya waliokufa. Basi tuchukue baadhi ya vile vifungu vinane, kimoja kimoja, na tuviweke Garissa asubuhi ile. Katazo la picha lisingezuia risasi hata moja. Kuchelewesha ushahidi wa kesi kusingesaidia, kwa kuwa hakukuwa na kesi. Ukomo wa wakimbizi usingemgusa yule mmoja wa washambuliaji aliyetambuliwa kuwa raia wa Kenya, mwana wa chifu aliyesomea sheria. Kilichogharimu maisha siku ile kilikuwa saa: shambulio lilianza kabla ya jua kuchomoza, na kikosi maalumu cha Recce, kilichotoka Nairobi, kilifika alasiri. Hakuna ibara ya Katiba iliyochelewesha ndege.

Nimeisifu hukumu hii kwa sababu nina imani na mbinu yake. Kwa sababu hiyohiyo sioni vyema kunyamaza kuhusu sehemu ambapo mbinu hiyo ililegea.

Kifungu cha 69 kiliongeza katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi ruhusa kwa vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, na kikatamka kwamba haki ya faragha ya Ibara ya 31 itapunguzwa kwa ajili hiyo. Kifungu cha 56 nacho kilipanua operesheni za siri za Shirika la Ujasusi. Majaji waliviacha vyote viwili. Walisema kwamba magaidi hutumia teknolojia ya kisasa, kwamba upelelezi wa siri ni wa lazima katika uhalifu wa aina hii, na kwamba kuna kinga za kutosha katika kibali cha mahakama na katika kanuni zitakazotungwa na Waziri na kuidhinishwa na Bunge la Taifa.

Hoja hiyo si dhaifu. Ufuatiliaji unaotangazwa kwa mlengwa hauna maana, na kifungu cha 69, tofauti na cha 12, kilitaja waziwazi haki kinachoipunguza. Kibali cha jaji pia ni kinga ya kweli pale kinapoombwa. Ila linganisha maswali. Kwa mhariri, majaji walitaka kujua maana ya neno matusi. Kwa anayesikilizwa simu yake, hawakudai maelezo ya kutosha kuhusu neno kuvuruga. Kwa mkimbizi, walidai uhusiano kati ya kizuizi na hatari. Kwa faragha, walitosheka na ukweli wa jumla kwamba magaidi hutumia simu, kama watumiavyo watu wote. Na kinga kuu waliyoitegemea ilikuwa kanuni ambazo zilikuwa bado hazijaandikwa siku walipotoa hukumu, ilhali Ibara ya 24 inataka mipaka iwe ndani ya sheria yenyewe. Ni vigumu kwangu kuona jinsi maandishi ya baadaye ya Waziri yanavyoweza kuhesabiwa leo kuwa ulinzi.

Tofauti hii, nadhani, inatokana na namna madhara yanavyoonekana. Mwandishi aliyeshtakiwa anasimama mbele ya jaji. Mshtakiwa aliyenyimwa ushahidi yuko kizimbani, na mkimbizi ana shirika litakalomtetea. Mtu ambaye mawasiliano yake yamenaswa bila kibali hana pa kuanzia, kwa kuwa hajui. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kufungua shauri haki yake inapovunjwa au kutishiwa, lakini haki hiyo inamhitaji kwanza ajue kwamba imevunjwa. Kama majaji wangedai kwamba sheria yenyewe itaje muda wa juu wa kunasa mawasiliano, makosa yanayostahili hatua hiyo, chombo huru kinachopokea ripoti ya kila kibali, na wajibu wa kumjulisha mlengwa pale ambapo uchunguzi umekwisha bila kumkuta na hatia, wangekuwa wametumia kwa kifungu cha 69 kipimo kilekile walichokitumia kwa kifungu cha 12. Hawakufanya hivyo, na anayeweza kuwaomba wafanye hivyo ni mtu ambaye bado hajaambiwa kwamba alisikilizwa.